Neno Alilobaki Nalo Eli

Asubuhi ya Burslem, mji wa wafinyanzi huko Uingereza, huingia na vumbi. Viwanda vya vyombo vya udongo vimefungwa karibu vyote, matanuri yamepoa, lakini ule unga mweupe wa udongo bado umo kwenye nyufa za madirisha, bado umo kwenye mapafu ya mzee Eli Colclough, na jua likipenya pazia unauona ukielea juu ya kiti chake. Kiti hicho ndicho dunia yake sasa.

Duck, anasema Eli.

Kiharusi kilimpora maneno yote, kikamwachia hilo moja. Duck, na Noreen mkewe anakimbia na chai. Siyo chai. Duck, anafungua dirisha. Siyo dirisha. Duck, duck, na jasho linamtoka mzee wa watu, na Noreen anasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akitamani kupiga kelele mpaka majirani watoke.

Neno lenyewe halishikiki. Binti yao Janice, mwalimu huko Derby, alimweleza mama yake asili yote ya neno hilo kwa simu, kana kwamba asili ingemsaidia kumnyanyua mtu kitandani. Ni bata, mama, na bata aliitwa hivyo kwa kuzamisha kichwa majini. Ni kuinama ghafla ngumi isikupate. Ni kitambaa kigumu cha suruali za mabaharia, na hicho hakina undugu na bata, kilivuka bahari na Waholanzi. Ni sifuri ya mchezaji wa kriketi aliyetoka uwanjani mikono mitupu, kwa kuwa sifuri ina umbo la yai la bata. Na hili la kwao, la kuitana kwa upendo, wapo wanaosema ni bata yule yule, wapo wanaosema lilitoka kwenye cheo cha machifu wa kale, na hakuna mwenye hakika.

"Vizuri," Noreen alimjibu. "Sasa niambie lipi kati ya hayo ni kutaka kwenda chooni."

Na kuna kinyongo cha zamani, tukiseme. Burslem nzima huitana duck. Eli alimwita hivyo kondakta wa basi, alimwita hivyo muuza chapati za shayiri, alimwita hivyo paka wa jirani. Akamwita hivyo na mkewe, ndoa nzima, hata Noreen hakumbuki lini mara ya mwisho aliitwa Noreen. Ee neno la rejareja, neno la kila mpita njia, umemng'ang'ania mume wake kama kupe. Ungeondoka wewe, yakabaki mengine! Noreen mwenyewe ameacha kulitamka tangu kiharusi. Halimtoki, kwa hasira.

Leo anakuja afisa wa halmashauri kumuuliza Eli mwenyewe: abaki nyumbani, au ahamie makao ya wazee? Janice anataka makao, maana mgongo wa mama umekwisha. Noreen anamtaka mumewe hapa; mgongo ukivunjika na uvunjike. Eli asipojibu, halmashauri itaamua yenyewe.

Afisa ni msichana wa kusini mwa nchi, wasikoitana duck, Bi Langley. Eli anamwonyesha kiti kwa mkono wake mzima. "Duck," anasema, kwa uungwana wote. Noreen anauma meno. Hata leo, hata huyu.

Bi Langley anauliza taratibu. Nyumbani? Duck. Makao? Duck, na kichwa kinakubali yote mawili. Anamgeukia Noreen. "Mama, hapo amesema nini?"

Angeweza kudanganya. Nani angemkamata? Lakini ulimi unakataa. "Sijui, binti. Kila siku najaribu, na sijui."

Bi Langley anajaribu njia nyingine. Anamwonyesha Noreen. "Na huyu, mzee, ni nani?"

Midomo ya Eli inafunguka. Noreen analiona lile neno likifika kwenye meno, na anamwona akilimeza. Anajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama, analimeza tena. Neno hilo kampa paka, kampa kondakta, kampa mgeni wa sasa hivi. Mkewe hampi. Anatafuta lingine, la mkewe peke yake, halipo, anapiga ngumi mkono wa kiti, anapiga, na machozi ya hasira yanamshuka.

Noreen anapiga magoti, mgongo ukimuuma, anaishika ile ngumi.

"Niite tu, duck," anamwambia. "Niite hivyo hivyo. Nimeshasikia."

Bi Langley anauliza kwa sauti ndogo mzee amesema nini.

"Hajasema kitu," anasema Noreen. "Andika anabaki."