Kofia ya Mumba

Katika uwanja wa magari wa kampuni ya umeme, Elisabethville, mwaka wa hamsini na mbili, sheria moja haikuandikwa na Mzungu yeyote: fundi akiingia chini ya lori, huvika usukani kofia yake. Dereva akiikuta, hagusi kitu, hata akiitwa na nani.

Asubuhi hiyo dereva Sumaili alikuta usukani mtupu. Msumeno wa kukatia nguzo ulikuwa ukipiga kelele hata mtu asijisikie mwenyewe. Akapanda, akawasha injini, akalirudisha lori nyuma kidogo tu. Ndipo akahisi kitu kimejikunja chini ya paja. Akakivuta. Kofia, nyeusi kwa girisi, ya fundi Mumba.

Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, injini ikazimika. Msumeno nao ukanyamaza.

“Yaya,” Mumba akasema kutoka chini, polepole, kama mtu amwitaye kaka yake mkubwa. “Gurudumu imepita pa muguu. Sasa iko inagusa kiuno. Usiachilie breki.”

Uwanja ule unateremka, na breki ya mkono ilikufa tangu Pasaka, kila mtu akijua. Kwa hiyo uhai wa Mumba ulikuwa katika mguu mmoja wa Sumaili, basi.

Msimamizi, Bwana Delvaux, akaja mbio. “Shuka, mjinga wewe! Shuka nione!”

Miaka kumi na mmoja Sumaili hakuwahi kumkatalia Mzungu. Aliogopa, tusidanganyane.

“Sishuki, Bwana.”

Akalikandamiza goti kwa mikono miwili, jasho likimwingia machoni, huku Casimir, mpakiaji wa nguzo, akigongelea magogo nyuma ya magurudumu. Casimir akasema tayari. Sumaili hakuinua mguu mpaka aliposikia wamemvuta Mumba nje.

Alikuwa hai. Wayo wake haukutazamika.

“Nilitia kofia, yaya.”

“Ulitia. Mimi niliikalia.” Sumaili akalia mbele za watu, bila haya.

Sasa, nani aliitupa kitini? Mkurugenzi alikuwa anakuja kukagua, na Bwana Delvaux tangu alfajiri alipita lori kwa lori akiondoa uchafu. Wanaume wote wakatazama kaptula yake nyeupe. Pale alipojifutia vidole palikuwa na girisi.

Delvaux akanyoosha mkono. “Nipe hiyo kofia.”

Sumaili akainama, akaiweka kifuani pa Mumba, akamfumbatisha mikono juu yake.

“Iko na mwenyewe, Bwana,” akasema. “Inaenda naye hospitali.”