Jina la Ishirini na Sita

Kwa karatasi za klabu, Libérat alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na huu ulikuwa mwaka wa tano mfululizo akiwa na umri huo. Karatasi zenyewe aliziandika yeye. Ndiye aliyekuwa katibu wa AS Mukeke, timu ya mpira ya mtaa wa Mulongwe, na papo hapo ndiye aliyekuwa golikipa wake wa akiba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko udakaji wake, na hilo tulishike, maana ndilo lililokuja kumponza.

Kwa ukweli wa Mungu alikuwa na arobaini na tatu. Alikuwa na mke aitwaye Naomie, binti wa miaka tisa aitwaye Divine, goti la kulia linalojua mvua kabla ya mawingu, na misimu kumi na moja katika timu bila kucheza hata dakika moja ya ligi. Mara moja tu alikaribia. Héritier, kipa wa kwanza, alipigwa mpira wa tumbo akalala chini. Libérat akaruka kutoka benchini, akaanza kukimbia pembeni ya uwanja ili apashe mwili moto, na kabla hajafika kwenye kibendera cha kona msuli wa paja ukamkatika. Héritier akainuka, akajifuta vumbi, mchezo ukaendelea. Aliyebebwa ni Libérat. Alipenda kujisifu kwamba ndiye mchezaji pekee Uvira nzima aliyeumia kazini bila kuingia kazini.

Sasa utauliza, mtu wa namna hiyo anang'ang'ania nini? Anang'ang'ania kuitwa.

AS Mukeke ina desturi yake. Jumapili ya mwisho kabla ya ligi, watu wa mtaa hukusanyika kiwanjani, katibu husoma orodha, na kila anayetajwa hutoka mbele kupokea jezi yake. Libérat alikuwa akijisoma wa mwisho: "Namba kumi na sita, Libérat!" Halafu anaikunja karatasi, anapiga hatua nne, anapokea jezi, na uwanja mzima unaangua kicheko na makofi, ukimwita kipa wa benchi: "Gardien ya banc! Gardien ya banc!" Naomie anapiga vigelegele. Anakuwa amezifua zile glavu za mechi zilizonunuliwa Kavimvira msimu wa kwanza kabisa, ingawa hazijawahi kuchafuka, na anamkabidhi mumewe mbele ya watu. Yote hayo huchukua kama nusu dakika. Libérat aliishi kwa hiyo nusu dakika mwaka mzima, akajicheka kwa hilo, na hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote.

Ndipo ikaja barua ya ligi: mwaka huu kila timu iandikishe wachezaji ishirini na watano, basi. Libérat akahesabu orodha yake mara tatu. Mara zote walikuwa ishirini na sita.

Kamati ilikutana Jumamosi asubuhi barazani kwa Mama Pélagie, mwenyekiti, mfanyabiashara wa vitenge ambaye hata walinzi wa mpakani humwamkia kwanza. Walikuwapo Gédéon, mwalimu wa shule ya msingi na kocha wa timu, na Franck, dereva wa pikipiki na mshauri wa klabu, ambaye anaujua mpira kuliko wote wanaoucheza, kwa ushahidi wake mwenyewe. Kulikuwa na chai, mandazi, na ile orodha katikati ya meza.

"Mwaka hii tunabeba kombe," Franck alifungua kikao.

"Mwaka jana tulikuwa ba ngapi?" Mama Pélagie akauliza.

"Ba saba."

"Ku timu ngapi?"

"Nane, Présidente."

"Na ile ya nane?"

Franck akatafuna andazi kwanza. "Ilijitoa mu mwezi ya tatu."

Hakuna aliyecheka sana, kwa kuwa kila mmoja alikuwapo. Timu inayoitwa jina la samaki haikosi masimango: wapinzani huja kiwanjani na makaa na chumvi, wakiuliza mukeke wa leo ataiva saa ngapi, na mara nyingi jibu lilikuwa kipindi cha kwanza.

Hata hivyo walijadili kwa bidii kama watu wanaochagua serikali. Safu ya mbele ilikuwa na vijana watatu wenye mbio, na mmoja wao alijua hata kusimamisha mpira. Katikati palijaa mpaka pakamwagika. Golini, mbali na Héritier, alikuwapo Nizigama, kijana mrefu kutoka Bonde la Ruzizi mwenye mikono ya kufika pande zote mbili, ambaye Libérat mwenyewe alikuwa amemfundisha kutoka golini kwa wakati. Alimfundisha vizuri mno, na sasa alijuta kidogo. Nyuma upande wa kushoto walikuwapo wawili: Délice, mwenye miaka kumi na tisa, na Ushindi, mwenye thelathini na minne.

Libérat alikuwa amejiandaa. Jina la kutoka lilikuwa la Ushindi. Hotuba ilikuwa tayari kichwani, na aliianza kwa sauti ya katibu, ile inayotoka puani kidogo.

"Présidente, timu haiko hospitali ya bazee. Tuangalie miaka. Mwenye miaka mingi aachie batoto nafasi."

Gédéon alikitazama kikombe chake. Mama Pélagie alimtazama Libérat, kuanzia kwenye upara mpaka kwenye goti, kisha akarudi juu polepole. Nyani haoni kundule, lakini wenzake huliona vizuri sana.

Libérat akaona aache njia hiyo. "Tuseme basi tuangalie nani alicheza. Mwenye hakucheza, anafanya nini mu liste?"

"Ushindi alicheza match zote," alisema Gédéon kwa upole. "Kumi na tatu."

"Na mwenye... mwenye mwili yake inachoka? Mwenye anaumia-umia?"

Hapo Franck alipaliwa na chai. Ikabidi apigwe mgongoni, na alipopata pumzi alisema neno moja tu, "Paja," akapaliwa tena. Mama Pélagie akafunika uso kwa kitenge, mabega yakimtetemeka. Libérat naye akacheka, angefanya nini? Alikuwa amechimba mashimo matatu asubuhi moja, na katika yote matatu alitumbukia mwenyewe.

Kilichomwokoa ni karatasi. Gédéon alifungua faili, akaweka kidole. "Lakini ku dossier, Ushindi njo muzee. Thelathini na ine. Secrétaire iko na thelathini na moja."

"Libérat?" Mama Pélagie alitoa uso kwenye kitenge. "Minye na huyu tulikula komunyo ya kwanza siku moja! Nilivaa robe nyeupe, yeye suruali ya kaka yake. Minye leo niko na bajukuu babili. Yeye iko thelathini na moja?"

"Njo vile imeandikwa," Gédéon alisema.

"Nani aliandika?"

Wote wakamtazama mwandishi. Mwandishi akanywa chai iliyokwisha.

Hapo angeweza kukatwa, na angestahili. Lakini Mama Pélagie alipunga mkono, akasema kama anayekata kitambaa: "Basi. Tutoe Ushindi. Tuendelee."

Libérat alipaswa kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, angeandika, angekula andazi. Lakini raha ilimpanda kichwani, akataka aisikie sababu, labda watasema neno juu ya uzoefu, juu ya moyo wake, juu ya yale maneno anayowapa vijana kutoka benchini. Akauliza.

"Présidente, juu ya nini Ushindi, haiko minye?"

"Ushindi atakasirika mwezi moja, itaisha," alijibu bila ubaya wowote, akimimina chai. "Weye ukikasirika, nani atatuandikia? Ligi iko inarudisha barua ya timu zote. Yetu hairudi. Unaona uzuri wa ile écriture? Tangu zamani tunasema: tumuache Libérat mu liste, kalamu isituponyoke."

"Tangu zamani gani?"

"Tangu mwanzo, Libérat."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomuuma. Misimu kumi na moja alijiona askari wa akiba anayengoja siku yake, kumbe alikuwa chupa ya wino iliyovalishwa jezi. Aibu ilimchoma masikio. Akaichukua orodha ili apate pa kuweka macho, na macho yakaangukia jina la Ushindi, lililoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri.

Ushindi huchota mchanga mtoni Mulongwe na kuwauzia wajenzi. Huja mazoezini suruali ikiwa bado mbichi. Mto ulipojaa wakati wa mvua kubwa na kuumwagia uwanja tope, alikuja siku tatu na koleo lake, akalitoa tope kwenye magoli yote mawili. Libérat pia alikuwapo siku zote tatu. Alikuwa amesimama pembeni na daftari, akiandika majina ya waliochimba.

Akatoa rula mfukoni. Akaiweka juu ya jina la ishirini na sita, la mwisho, lake, akalikata kwa mstari ulionyooka vizuri.

"Unafanya nini?" Franck akauliza.

"Naondoa muzee."

Mama Pélagie akashtuka. "Na kalamu?"

"Kalamu inabakia, Présidente. Haina miaka."

Tangu hapo Libérat alikuwa jasiri kwa watu wote isipokuwa mkewe. Alikusudia kumwambia Naomie wakati wa chakula cha usiku, akashindwa. Akakusudia kumwambia Jumapili asubuhi, wakaenda kanisani. Walipotoka alimwona amebeba mfuko wa plastiki, akajua kilichomo. Divine alikuwa tayari ametangulia mbio kutafuta nafasi mbele.

Uwanja ulijaa. Libérat alisimama na shati lake jeupe, akasoma. Kila aliyeitwa alitoka, makofi yakapigwa. Ushindi aliitwa, akaja akikimbia kama hajui kwamba wangemwacha, na kweli hakujua, wala hatajua. Nizigama aliitwa namba kumi na sita. Jezi ilimfika juu kidogo ya kitovu, watu wakacheka. Likasomwa jina la ishirini na tano. Libérat akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akabaki amesimama.

Watu walingoja. Wengine walikuwa wameshaweka mikono tayari.

"Secrétaire!" mwanamke mmoja muuza karanga akapaza sauti. "Umesahau moja!"

"Gardien ya banc iko wapi?" mwingine akadaka. Na uwanja wote ukaitikia kama ilivyozoea, "Gardien ya banc! Gardien ya banc!" mpaka Divine, juu ya sauti zote, akalia kwa hasira: "Papa, haujajisoma!"

Libérat alifungua kinywa na sauti ya katibu haikupatikana. Ikaja ile nyingine, ya nyumbani.

"Huyo muzee hatuko naye mwaka hii," alisema. "Iko na miaka makumi ine na tatu."

Kwanza walihesabu. Halafu mtu akacheka, halafu wote, halafu yakaja makofi, na makofi hayo hayakwisha. Yalipita nusu dakika. Yalipita dakika nzima. Ushindi naye alikuwa akipiga, na Nizigama, na Mama Pélagie alikuwa amesimama. Libérat alisimama katikati yao bila jezi, asijue afanye nini na mikono yake, kama ilivyokuwa siku zote katika maisha yake ya golikipa. Machozi yalimtoka akayaacha. Misimu yote ile alidhani wanamcheka tu.

Naomie alimfikia watu walipoanza kutawanyika. Hakuwa na vigelegele.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja nicheze hata dakika moja kwanza."

Alimtazama kwa muda, akitaka kukasirika, akashindwa. Akauinua ule mfuko. "Na hizi gants? Nimezifua jana."

Libérat akazitoa, akazigeuza, akavitazama viganja vya glavu, bado vyeupe. Kijana Nizigama alikuwa bado amesimama karibu na goli, anaivuta jezi yake ishuke.

"Umupatie," Libérat alisema. "Ziko mpya."