Fahali wa Edeku

Machi 1938, asubuhi baada ya mvua ya kwanza, fahali wa Edeku alikutwa amekufa malishoni karibu na Mwello, tumbo limevimba, damu nyeusi isiyoganda ikimchuruzika puani. Emong, msaidizi wa mifugo kutoka Tororo, alitambua ugonjwa wa kimeta kabla hajashuka kwenye baiskeli.

Edeku alikuwa baba mdogo wa Emong, ndiye aliyemlea. Tayari alikuwa ameshika kisu.

"Usimpasue, baba," Emong alisema. "Vijidudu hivi vinapumua. Vikifungiwa ndani ya mzoga vinakosa hewa, vinaoza pamoja nao. Ukimfungua, vinapata hewa na kujijengea ganda, na ganda hilo hukaa udongoni miaka na miaka."

"Hewa iko kila mahali. Utaizuia kwa hiyo kofia ya serikali?"

Wachungaji wakacheka. Edeku hakucheka. Kwa desturi yao, fahali aliyekufa bila jeraha hupasuliwa, utumbo ukatandazwa na kusomwa, ijulikane kama kifo kinaiandama nyumba. Na mwaka ule Edeku alikuwa amezika watoto wawili.

"Nisipouona utumbo," alisema, "nitajuaje kama aliyewachukua wanangu ndiye huyu huyu aliyemuua fahali?"

Emong hakuweza kumnyang'anya mzazi kisu mbele ya watu. Alimwomba asubiri tu, akalete chokaa ya kufukia. Edeku akashusha kisu, na Emong akadhani amekubali.

Aliporudi alasiri, utumbo ulikuwa juu ya majani. Edeku alichuchumaa kando yake, mikono imelowa damu hadi viwikoni, uso umetulia kuliko ulivyokuwa kwa miezi.

"Safi kabisa," alisema. "Si kifo cha nyumba hii."

Emong alimwosha kwa sabuni na maji ya moto. Kwenye kifundo cha mkono aliona mkwaruzo mbichi.

Hapo ndipo kipele kilipotokea siku chache baadaye. Hakikuuma, kwa hiyo Edeku alikipuuza. Kilipokuwa cheusi katikati na mkono ukavimba hadi begani, mkewe Amongin alituma watu wamwite Emong, wakampeleka hospitali Tororo. Daktari alimdunga sindano, lakini vijidudu vilikwisha kuingia kwenye damu, vikaongezeka humo.

"Utumbo ulikuwa safi," Edeku alisema kwa taabu. "Uliuona mwenyewe, mwanangu."

"Niliuona, baba."

Edeku alikata roho Jumapili adhuhuri. Emong alimfumba macho, akatoka nje kumwambia Amongin.