Kikapu Kwenye Lango la Chini

Mwaka ule wa 1961, mvua za mwisho wa mwaka zilikataa kukatika. Okware, mkuu wa walinzi katika kiwanda cha pamba karibu na Sikuda, hakungoja maafa. Alikuwa koplo jeshini zamani, na walinzi walizoea kumwita hivyo. Alimsumbua meneja mpaka akapata makoti ya mvua na viatu vya mpira, kisha akawafundisha watu wake: wakisikia filimbi yake wafunge malango, waache mikuki kwa sababu ya radi, wakimbilie bohari la juu. Walirudia zoezi hilo hata wakaanza kumcheka.

Alhamisi moja mchana mbingu zikawa nyeusi upande wa Tororo. Mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati, Okware alipuliza filimbi. Muda si muda walinzi wote walikuwa ndani ya bohari, wamelowa lakini wazima. Kijito cha lango la chini kilikuwa kimeshafurika. Okware aliwatazama mmoja mmoja, akacheka kwa furaha.

Mvua ilipopungua, Oundo, mlinzi wa lango la chini, aliteremka kukagua. Alirudi polepole, ameshika kikapu.

"Koplo, nimekuta hii kwa lango," alisema. "Ilitundikwa juu."

Okware alifunua jani la mgomba. Ugali wa mtama ulikuwa bado na uvuguvugu. Taaka, mkewe, alimletea chakula kila mchana, akivuka kijito kwa miguu. Alikuwa amefika, akakuta lango limefungwa na hakuna mtu, akakitundika kikapu mahali maji yasipofikia, akageuka kurudi nyumbani kwa mtoto wao.

Okware alitoka mbio bila koti.

Taaka alipatikana kesho yake, mbali bondeni, amenasa kwenye mafunjo.

Meneja alikuja matangani. Alisema, kwa nia njema, kwamba kiwanda hakikupoteza hata mtu mmoja. Okware aliitikia kwa kichwa. Meneja alipoondoka, alimgeukia Oundo.

"Nilifundisha kila mtu. Yeye sikumwambia."

"Mimi ndiye nilifunga, Koplo."

"Nilikuamuru mimi."

Hakurudi kazini. Alimchukua binti yao mdogo, Loy, wakahamia kwa mama yake Okware huko Kisoko, akawa mkulima. Kwa muda mrefu mtoto aliuliza kama mama ameshapeleka chakula. Okware alimjibu kwamba alikipeleka, na kilifika, kisha akatoka nje.