Herufi Mbili Kabla ya Jina

Kiingereza changu ni cha mawe. Sikukisoma darasani, darasani niliondoka mapema na sijutii. Nimekijua kwa patasi, herufi baada ya herufi, miaka thelathini na moja nikichonga majina ya marehemu na ya wakubwa waliokata utepe. Ukinisalimia kwa Kiingereza nitakutumbulia macho tu. Lakini nipe maneno yanayokaa juu ya jiwe, nitakueleza moja baada ya jingine, na nitakwambia na lipi limewekwa na mwongo.

Neno ninalolijua kuliko yote ni "by". Herufi mbili tu, dakika ishirini za kazi. Mwanzoni nilidhani ni pambo. Baba, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, akanirekebisha: hilo ndilo linaloonyesha mkono. Pamefunguliwa, na nani? Pametolewa, na nani? Jina linalokuja nyuma yake ni la mtu aliyefanya. Baadaye nikalikuta kwingine. Bibi mmoja alitaka kaburi la mumewe liandikwe kwamba amelala kando ya mto, na hapo "by" ikawa ujirani tu. Mshona viatu alitaka kibao cha kusema viatu vyake vimeshonwa kwa mkono, "by" ikaja tena, safari hii ikionyesha njia. Na wateja wote wakiniandikia kikaratasi, "by" ni ya kunikimbiza: ikifika Ijumaa kazi iwe tayari. Neno dogo, lakini halina likizo.

Basi Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akaniletea kikaratasi chake kibandani kwangu, nyuma ya posta. Alitaka jiwe la marumaru nyeupe la kupachikwa mlangoni pa wodi mpya ya wazazi. Maandishi yawe ya Kiingereza, kwa sababu mgeni rasmi hajui lugha yetu. Na yaseme wodi hii imejengwa, "built by", halafu jina lake yeye Mwenyekiti, la kwanza, la kati na la ukoo, cheo kikifuatia. Nilisoma mara mbili. Alipoondoka nikacheka peke yangu mpaka vumbi likanipalia.

Maana wodi ile nimeiona ikitoka ardhini, na aliyeijenga namjua tangu anatambaa. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Watu humwita Timazi, kama ile kamba ya fundi ya kupimia wima, kwa sababu ukuta ukipinda hata unene wa kucha, yeye halali. Yeye na wenzake saba walichimba msingi ule, wakapandisha kuta, wakamwaga zege. Mvua ilipowahi kabla ya paa, alikwenda kuvua turubai lililoziba paa la nyumba yake mwenyewe akafunika mifuko ya saruji, wifi yangu akabaki anahamisha ndoo chini ya matone. Boriti ya mlangoni ilipoteleza, ilimkata kidole cha kati kikabaki nusu. Siku ya nne alirudi kazini na bandeji. Na Mwenyekiti? Nilimwona pale mara mbili. Mara zote mbili kioo cha gari kilishuka nusu, akauliza mbona mchanga umemwagwa njiani, kioo kikapanda.

Nilimfuata ofisini kwake kwa adabu zangu zote, na adabu zangu si nyingi. Nikampa maneno mengine. Nikuandike kwamba uliongoza kamati? Nikuandike kwamba ilijengwa wakati wako? Hakutaka. Kila mtu mjini alijua anawania kiti kikubwa zaidi, na anataka kwenda kuomba kura na jengo mgongoni. Akaniambia taratibu, huku akikoroga chai, kwamba vibao vyote vya serikali vinachongwa kwangu, na kwamba vinaweza kuchongwa mji mwingine pia. Hapo alinishika pabaya. Bila vibao vile nabaki na makaburi, na watu hawafi kwa ratiba.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Timazi. Nilikwenda ili tukasirike wawili. Nikamkuta anaosha mwiko wake kwenye ndoo, nikamweleza yote, naye akaendelea kuosha. Kumbe alishajua. Mwenyekiti alikuwa amemwahidi ujenzi wa soko, kazi ya mwaka mzima na nusu kwa mafundi wanane, ilimradi mambo ya jiwe yaende vizuri.

"Chonga tu, dada," akasema. "Jina haliliwi."

Nikamwambia hata vumbi haliliwi, lakini yeye kameza la kutosha. Alikitazama kile kidole nusu, akakificha ndani ya kitambaa. Hapo nikaumia. Mwenyekiti hakuniumiza, wenye tamaa nimewazoea. Aliniumiza mdogo wangu. Mtu anayebomoa ukuta mzima kwa sababu ya kipande kilichopinda, leo ananiomba niusimamishe uongo kwenye mlango wake mwenyewe. Nikaondoka bila kuaga, na wifi akiniita nisiitike.

Nikachonga. Wodi, nikachonga. Imejengwa, nikachonga. Nilipofika kwenye B na Y nikaziingiza ndani hasa, zishike kivuli, mtu azisome akiwa barabarani. Kisha nikaweka patasi chini. Mkono uligoma, nami nikauunga mkono.

Ijumaa saa nne asubuhi wakaja wote kwa pamoja. Mafundi wanane na mkokoteni wa kubebea jiwe, maana ufunguzi ulikuwa kesho yake na saruji inahitaji muda wa kushika. Mwenyekiti katika suti. Karani wake nyuma, mtu mpole mwenye miwani, aliyesoma sana. Nikafunua jiwe. Mwenyekiti akasoma, akafika kwenye "by", akakuta weupe mtupu. Akaniuliza jina lake liko wapi. Nikamwambia hilo ndilo swali langu pia.

Karani akaingilia kati ili kupoza mambo. Akanieleza kama anavyoelezwa mgonjwa kwamba neno hili nisilichukulie kwa ufinyu. Kuna "by" ya mtendaji, kuna ya ukaribu, kuna ya njia, kuna ya muda. Na hata hiyo ya mtendaji ni pana: wafalme husemwa walijenga miji, na hakuna mfalme aliyebeba tofali. Mwenyekiti akawa anaitikia kwa kichwa kila kifungu, mpaka nikamhurumia shingo.

Nikamwambia karani kwamba amefundisha vizuri ila amesahau moja. Kuna "by" ya kupita. Gari linakuja, linapita hapo jirani, linakwenda zake. Kama ni hiyo anayoitaka Mwenyekiti, nachonga jina sasa hivi bila kinyongo, kwa sababu kupita kweli alipita. Mafundi wakaanza kukohoa, mmoja akageukia ukuta. Timazi peke yake hakukohoa. Alikuwa ananikazia macho, anataka nikome.

Mwenyekiti akaacha kutabasamu. Akasema nichonge, na nichonge mbele yake.

Nikachukua nyundo na patasi, nikamnyooshea.

"Neno hili hapa ni la mkono," nikamwambia. "Linalofuata ni jina la mwenye mkono. Kama ni wako, shika."

Akacheka, akawatazama mafundi wacheke naye. Hawakucheka. Nadhani kama angekuwa peke yake angetupa vile vyuma na kunitukana, lakini watu wanane walikuwa wanamtazama, wote walioshika kazi, na yeye ndiye aliyesema amejenga. Akavishika. Patasi aliishika kama kalamu. Akapiga pigo moja, patasi ikaruka, ikaacha mkwaruzo juu ya jiwe, nyundo ikampata kwenye kidole gumba. Hakupiga kelele, nampa haki yake. Alifumba tu macho kwa muda, kisha akamgeukia mdogo wangu na kumsukumia vyuma kifuani.

"Timazi, malizia wewe. Unajua soko linakusubiri."

Timazi akavipokea.

Nilikuwa tayari kupoteza vibao. Nilikuwa tayari kurudi kwenye makaburi hadi nife na mimi nichongewe langu. Lakini kumwona yeye, kwa vidole vyake vinne na nusu, akiandika jina la yule pale, hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Akapiga goti mbele ya jiwe. Akalipapasa pale penye mkwaruzo.

"Dada," akasema bila kugeuka, "nianzie wapi?"

Nikamwonyesha. Jina la Mwenyekiti linaanza kwa herufi ya duara, na duara ni ngumu kwa asiyezoea. Timazi hakuanza na duara. Alipiga mstari mmoja wima, kutoka juu hadi chini, ule mstari unaoanza jina alilopewa na baba yetu siku aliyozaliwa. Nikaziba mdomo kwa kiganja.

Mwenyekiti alichelewa kuelewa. Herufi ya pili ilipokuwa inamalizika ndipo alipouliza anaandika nini.

"Aliyejenga," Timazi akasema. "Tuko wanane, kwa hiyo tutakaa sana."

Mwenyekiti akasema soko basi. Akasema vibao basi, na mimi nisahau kabisa, na sisi sote tutajuta tukiwa na njaa. Pengine tutajuta kweli. Timazi akamwambia kwamba soko atafute wa kulijenga, na jiwe hili kama halitaki, atafute pia fundi wa kuja kulibandua. Akawatazama wenzake saba mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja akatoa penseli sikioni, akaanza kuandika jina lake kwenye kiganja ili asilikosee zamu yake ikifika.

Gari likawashwa, likaenda. Karani alibaki kidogo mlangoni, akasoma kilichokwisha kuchongwa, kisha akalifuata gari kwa miguu.

Timazi aliendelea kugonga. Jasho lilimtoka kuliko siku ya zege. Herufi ya tatu ikaanza kwenda kombo, akasita, akarudi nyuma kuipima kwa jicho moja.

"Imepinda?" akaniuliza.

"Imepinda," nikamwambia. "Endelea."