Fyuzi ya Nne

Fyuzi ya tatu ilipokatika, Mama Fundi aliiweka kando ya zile mbili za kwanza. Ya kwanza ilikatika asubuhi ndani ya gari la wagonjwa, dereva alipoiwasha redio ya mawasiliano. Ya pili na ya tatu zilikatikia hapa mezani, kwenye betri ya karakana, mbele ya macho yake. Imebaki moja tu.

"Redio hii ina njaa ya fyuzi," alisema dereva, ambaye hospitali nzima ilimwita Haraka. "Mama, tuizungushie fyuzi hii karatasi ya sigara, ile inayong'aa, twende zetu."

"Karatasi haikatiki, mwanangu. Fyuzi isipokatika, waya utawaka. Na waya huo umepita chini ya kiti cha nani?"

Haraka alijua. Kilikuwa kiti cha mkunga, na mkunga alikuwa binti wa pekee wa Mama Fundi.

Saa tatu na dakika tano. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na mjamzito aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, na uchungu ulikuwa umemwanza. Daktari alikuwa amekata shauri: ikifika saa nne gari linaondoka, redio iwe imepona au haijapona. Kule simu hazishiki. Wakikwama njiani na mgonjwa anatoka damu, watamwita nani?

Mama Fundi alifagia hospitali hiyo miaka ishirini kabla ya kuanza masomo ya jioni ya ufundi, akiwa na miaka hamsini, katikati ya vijana waliomwita bibi. Alifumba macho. Ee Mungu, nifumbue macho kwanza, mikono baadaye.

Akachomoa waya wa umeme kwenye redio, akaweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye tundu la redio lenyewe. Mita ikalia piii, hakuna kinachouzuia umeme. Sifuri. Akageuza ncha: piii, sifuri tena. Basi shoti iko ndani, haiko kwenye waya wa gari. Akafungua skrubu nane, akafunua kifuniko.

Pale umeme unapoingilia palikuwa na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, nene kama punje ya mahindi. Ilikuwa imepasuka ubavuni. Kazi yake ni ulinzi: mtu akigeuza waya za betri, umeme hupita kwake, fyuzi hukatika, bodi ya saketi husalimika. Safari hii mlinzi alikuwa amefia mlangoni. Akayeyusha risasi ya kulehemu, akauinua mguu mmoja wa dayodi, akapima tena. Mita haikulia.

"Imepona?" Haraka aliuliza.

"Bado. Nani amegusa betri ya gari?"

"Mimi. Jana niliitoa kuichaji, nikairudisha."

"Waya za redio zote ni nyeusi. Hukuona yenye fundo ni ya chanya?"

Haraka akakuna kisogo. "Niliona moja ina fundo, nyingine haina. Nikasema gari la serikali hili, mbona limekaa ovyo? Nikaifunga na ya pili fundo, zipendeze."

Mama Fundi alitaka kumfokea, lakini akakumbuka. Nani aliyefunga fundo lile, waya mwekundu ulipokwisha stoo? Ni yeye. Na alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Alama unayoijua peke yako si alama, ni siri.

"Kosa ni letu sote," alisema taratibu. "Langu ndilo la kwanza."

Mkunga akaingia na begi lake begani. "Mama, saa nne kasoro ishirini."

"Si umeshatoa kilichokufa?" Haraka akadakia. "Tuifunge hivyo hivyo, itafanya kazi."

"Itafanya. Ila vishikio vya betri yako vimelegea, na nakujua, ukiingia shimo moja tu vitachomoka, nawe utashuka kuvifungua na kuvifunga. Ukikosea tena, itaungua bodi yenyewe."

Stoo haikuwa na dayodi kama ile. Mama Fundi alivuta droo, akatoa kisanduku cha umeme alichokuwa akikiunda tangu mwanzo wa muhula.

"Mama! Hiyo si kazi yako ya mtihani? Si mtihani ni Ijumaa?" mkunga akauliza.

"Mtihani hurudiwa."

Akang'oa dayodi nene kuliko zote, akailehemu kwenye redio, mstari wake mweupe ukielekea upande wa chanya. Aliutazama mara tatu. Tone la risasi likamdondokea gotini, hakulisikia. Kule garini alipima betri, akageuza waya, akafungua mafundo yote mawili, akaizungushia ya chanya utepe mwekundu huku Haraka akishuhudia. Kisha akachomeka fyuzi ya mwisho. Haikukatika. Taa ndogo ya kijani ikawaka, ikabaki inawaka.

"Tutakuita saa tano, tukishavuka mlima," mkunga alisema. Gari likatoka.

Mama Fundi alikaa kwenye chumba cha redio cha hospitali. Saa tano ikapita. Saa tano na robo. Je, risasi haikushika vizuri? Mtikisiko wa gari umeung'oa mguu wa dayodi? Alipiga magoti kando ya kiti, akasimama, akapiga tena. Saa tano na nusu maombi yalikuwa yamebaki maneno mawili tu: Mwanangu, Bwana. Mwanangu, Bwana.

Spika ikakoroma.

"Hospitali, hospitali. Tumechelewa, tope lilitushika. Tuko na mgonjwa, hali yake nzuri, tunageuza kurudi. Mmenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu! Mungu mkubwa! Nimekusikia!"

"Hospitali, mnanisikia?"

"Ninakusikia!" Alikuwa akipiga kelele, machozi yanamtiririka.

"Mama? Mama, upo?"

Ndipo alipotazama kipaza sauti mkononi mwake na kuona kwamba hajabonyeza kitufe cha kuongelea.