Sekunde ya Tisa

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, Verlon Haskett alisogeza sahani ya viazi, akafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni. Alikuwa polisi wa kikosi cha mbwa kwa miaka ishirini na miwili huko Indiana. Siku hizi amestaafu, na mawakili humpa video za mbwa wa polisi wakiuma watu, aieleze mahakama kama nguvu ilizidi.

Mbwa wake Ajax, aliyekufa miaka sita iliyopita, akaingia kwa mlango wa nyuma.

"Mfute miguu," Lorene, mkewe, akasema bila kugeuka. "Nimepiga deki sasa hivi."

Haskett akamfuta, akampa mkono wa turubai ambao mbwa wa polisi hufundishwa kung'ata. Ndivyo walivyofanya kazi. Mbwa wa kwenye video aking'ata, Ajax naye hung'ata turubai. Mtu akiacha kupigana, Ajax huachia. Hakuwahi kukosea. Alipokuwa hai alikuwa mkaidi kupindukia, lakini kufa kulimtuliza.

Safari hii aliyeumwa alikuwa Cleophus Tate, msambaza mikate, aliyedhaniwa mwizi. Alilala chini, viganja wazi. Sekunde ya tisa Ajax akaachia. Mbwa wa kwenye video akaendelea kung'ata, macho kwa bwana wake, akingoja amri. Amri ilitoka sekunde ya hamsini na mbili.

"Masikini, anaomba aambiwe aachie," Haskett akasema.

Ajax akalaza kichwa kwenye kiatu chake. Haskett alimpenda mbwa huyu kuliko baadhi ya ndugu zake, na Lorene alilijua hilo.

Mahakamani, ambako Tate alimshtaki afisa mwenye mbwa, Haskett alisema Tate alitulia sekunde ya tisa. Wakili wa polisi akauliza sekunde hiyo imetoka wapi.

"Kwa huyu," Haskett akajibu, akimwonyesha Ajax miguuni pake.

Wakili akapekua karatasi. "Mheshimiwa, mbwa huyu hamo kwenye orodha ya mashahidi. Na mwisho wa kuleta majina ulikuwa Machi."

Jaji, ambaye nyumbani alifuga mbwa watatu, akamtazama Ajax kwa upole. "Mbwa mzuri sana. Ila tarehe ni tarehe, Bwana Haskett. Mbona hukumwandikisha?"

"Miaka yote nimemwandika kama 'uzoefu wangu', Mheshimiwa."

Sekunde ya tisa ikafutwa kwenye kumbukumbu za kesi. Wazee wa baraza wakaambiwa waisahau, wakaisahau, na kabla ya chakula cha mchana wakaona afisa hana kosa.

Koridoni, Tate alisimama, mkono wa kulia ukining'inia. Tangu siku ile, akiona hata kijibwa cha bibi kizee alivuka barabara. Ajax akamwendea, akakaa mbele yake.

"Huyu ndiye aliyeona?" Tate akauliza.

"Ndiye."

Tate akainama, akamkuna sikio kwa mkono wa kushoto, taratibu, kwa muda mrefu. "Nilitaka tu mtu aseme nilikuwa nimetulia."

"Ulikuwa umetulia," Haskett akasema.

Nje, afisa alimfungulia mbwa wake mlango wa gari. Zamu yao ilianza saa kumi.